Zebaki inatoka kwenye meno, kinachoingia tumekipima?

Tangu Novemba 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilipokubaliana mjini Geneva kuachana na amalgamu ya meno, ile dawa nyeusi ya kuzibia yenye zebaki, ifikapo mwaka 2034, habari hiyo imekuwa ikitufikia hapa Tanga vipande vipande. Kwenye makundi ya WhatsApp imebaki sentensi moja: zebaki ni sumu, imepigwa marufuku, aliyezibwa jino kwa dawa nyeusi akaitoe upesi. Jirani yangu wa Makorora, bibi mwenye magego mawili yaliyozibwa tangu wajukuu zake hawajazaliwa, alinigongea mlango asubuhi na kanga kichwani. "Mwanangu, kumbe natembea na sumu mdomoni miaka yote hii?" Alitaka nimsindikize siku ile ile akatolewe. Nikamwuliza kama meno yanamuuma. "Hayaniumi hata kidogo. Ndiyo maana naogopa."

Niseme mapema ninachokisimamia. Uamuzi wa Geneva ni sahihi, ila hausemi tunachodhani unasema. Haukuyahukumu meno yaliyokwisha kuzibwa, wala haukutamka popote kwamba dawa nyeupe ni bora kuliko nyeusi. Umetupa miaka michache ya kujifunza kazi ambayo tumeikwepa siku zote: kuvipima na kuvichagua vitu tunavyowekewa mdomoni kwa kuangalia chumba vitakamotumika, mkono utakaoviweka na mfuko utakaolipa. Tukiruka kutoka amalgamu hadi kompositi, ile dawa nyeupe, kwa sababu ya rangi tu, watakaobeba gharama ni wagonjwa wa Muheza, Pangani na Mkinga, na wengi wao wataibeba kwa kung'olewa meno ambayo yangezibika.

Tuanze na kitu chenyewe. Amalgamu ni zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba, na karibu nusu ya uzito wake ni hiyo zebaki. Imetumika kwa zaidi ya miaka 150, na haikudumu muda huo kwa ajili ya uzuri wa sura. Imedumu kwa sababu ni mvumilivu. Mate yakiingia kidogo, haigomi. Mkono ukiwa wa daktari wa kawaida, si wa bingwa, inakubali. Haihitaji taa, haihitaji gundi, haihitaji jino kukauka kabisa. Daktari anaishindilia kwenye tundu, anaichonga ikiwa bado laini, anamwambia mgonjwa asitafunie upande huo mpaka kesho, basi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha meno katika hospitali ya wilaya, mlango uko wazi kwa joto na foleni imefika barazani, anajua uvumilivu wa namna hiyo una thamani gani.

Mkataba wenyewe haukuanzia kwenye meno. Jina lake limetokana na ghuba ya Minamata huko Japani, ambako kiwanda kilimwaga maji taka yenye zebaki baharini, zebaki ikaingia kwa samaki, samaki wakaingia kwa watu, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukatambuliwa rasmi. Mkataba ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Tanzania iliusaini mwanzoni kabisa na kuuridhia mwaka 2020. Kuhusu meno, uliingia kwa upole: nchi zilitakiwa kupunguza amalgamu hatua kwa hatua. Mwaka 2022 ukaongezwa ukali, nchi zizuie au zishauri isitumike kwa meno ya utoto, kwa watoto walio chini ya miaka 15, kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona hakuna budi. Mwaka 2025 ukawekewa tarehe ya mwisho. Ukiifuata njia hiyo toka mwanzo hadi mwisho utaona kilichoisukuma zaidi ni safari ya zebaki baada ya kutoka kliniki: mabaki yanayosuuzwa kwenye sinki, yanayoingia shimoni, na yanayotafuta njia ya kufika majini. Kwa mji kama wetu, ambao kitoweo chake kinashuka kwenye ngalawa kila alfajiri, hilo si jambo la kusoma na kupita. Mwulize msimamizi wa kliniki yoyote bomba la kiti chake cha meno linaishia wapi, kisha subiri jibu.

Sasa hoja ya kwanza, ile ya bibi yangu wa Makorora: amalgamu iliyomo mdomoni ni sumu, itolewe. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kwa kasi kuliko zote. Ni kweli kijazio cha amalgamu hutoa mvuke kidogo wa zebaki mtu anapotafuna. Swali ni kama kiasi hicho kinadhuru. Majaribio mawili makubwa, moja la Lisbon nchini Ureno na jingine la New England nchini Marekani, yaliwafuatilia kwa miaka kadhaa watoto zaidi ya 1,000, wengine wamezibwa kwa amalgamu na wengine kwa kompositi. Matokeo yalitolewa mwaka 2006, na watafiti hawakuona tofauti ya maana katika akili, kumbukumbu wala mishipa ya fahamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipoliangalia suala hili upya mwaka 2020, ilishauri makundi fulani yaepuke kuwekewa amalgamu mpya, wakiwemo watoto, wajawazito na wenye maradhi ya figo. Ikashauri pia kijazio kizima kisiondolewe bila sababu ya kitabibu, kwa kuwa kukichimba kwa mashine ndiko kunakofukuza mvuke mwingi kwa mara moja, na kila uchimbaji hula sehemu ya jino zima. Kwa hiyo anayekimbilia kutoa kijazio kisicho na tatizo analipa pesa ili aivute zebaki ambayo ilikuwa imetulia. Bibi nilimweleza hivyo. Sijui kama aliniamini mimi au aliamini bei aliyotajiwa, lakini hakwenda.

Hoja ya pili ina nyama. Inasemwa zaidi na madaktari wenyewe, tena wale waliofanya kazi vijijini: wenye nacho wanatunyang'anya kitu rahisi, imara na cha bei nafuu, wao tayari wana mashine na bima za kununulia mbadala. Umoja wa Ulaya ulikomesha matumizi na usafirishaji wa amalgamu nje kuanzia Januari 2025, na ni rahisi kuona hapo sura ya tajiri anayefunga duka ambalo maskini alikuwa bado ananunua. Nimeipima hoja hii na naikubali nusu. Ni kweli tunapoteza kitu kinachovumilia mazingira yetu. Lakini hadithi ya kwamba tumeamuliwa haisimami. Nchi za Afrika ndizo zilizokuwa mstari wa mbele kudai amalgamu iondoke, na zilitaka tarehe ya karibu zaidi. 2034 ni mahali pa kukutana katikati. Halafu kuna biashara: viwanda vikishapoteza soko kubwa, havitaendelea kutengeneza kapsuli za amalgamu iliyopimwa tayari kwa ajili ya Korogwe na Handeni. Hata tungesusa mkataba, amalgamu ingetususa yenyewe kwa kuadimika na kupanda bei. Aliyejiandaa atakuwa amechagua mbadala wake. Ambaye hakujiandaa atachaguliwa na muuzaji.

Ndipo inapoingia hoja ya tatu, iliyovaa suti: basi tutumie kompositi, dunia yote inaitumia. Kompositi ni utomvu wa plastiki uliochanganywa na chembe ndogo za kioo, na asili yake ya kisasa ni kazi ya Rafael Bowen wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ina sifa za haki. Inafanana na jino. Inashikana na jino kwa gundi, hivyo daktari halazimiki kuchimba tundu kubwa ili kijazio kikae. Kwa jino la mbele lililovunjika, sioni cha kushindana nayo. Mtu akiniambia binti yake aliyeanguka na baiskeli barabara ya Raskazone azibwe kwa kitu kingine, nitamshangaa.

Gego ni habari nyingine. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio yaliyolinganisha vijazio vya magego, yalikuta kompositi ikishindwa karibu mara mbili ya amalgamu, na kosa kubwa likiwa uozo mpya unaoanza pembezoni mwa kijazio. Na majaribio makuu yaliyotoa matokeo hayo ni yale yale ya Lisbon na New England, mahali penye umeme usiokatika, wasaidizi waliofundishwa na wagonjwa wanaorudi kila wakiitwa. Sababu zenyewe hazina siri. Kompositi hunywea kidogo inapoganda, na kule kunywea kunaivuta kutoka ukutani mwa jino. Gundi yake haitaki mate wala damu hata tone, ndiyo maana wenzetu hulivalisha jino kipande cha mpira ili libaki peke yake, kavu. Na haigandi yenyewe. Inagandishwa kwa taa ya buluu, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka lisizidi kama milimita mbili. Daktari akijaza tundu zima kwa mkupuo mmoja kwa sababu foleni ni ndefu, au taa ikiwa imechoka, juu panakuwa pagumu na chini pabichi. Ni mkate wa kumimina uliobabuka usoni, ukiukata ndani bado uji. Mgonjwa hawezi kujua. Daktari naye akigusa kwa chuma anasikia pagumu, anaridhika. Uozo unaendelea chini kwa utulivu, na jino linakuja kuuma baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati risiti imeshapotea.

Watu hunijibu kwamba siku hizi taa ni za betri, umeme ukikatika kazi inaendelea. Ni kweli, na ni maendeleo. Lakini kinyonya mate na kipuliza hewa havitumii betri ya taa. Na taa hiyo hiyo nguvu yake hupungua polepole bila kutoa ishara. Macho ya binadamu yanaona buluu ile ile. Kuna kipimo kidogo cha kupimia mwanga wake, kinakaa kiganjani. Kliniki zinazonunua taa bila kununua kipimo ni sawa na muuza duka aliyenunua mizani akaacha mawe.

Niliwahi kutunza stoo ya vifaa tiba katika taasisi moja ambayo sitaitaja, na huko ndiko nilikojifunza kwamba kifaa cha meno huharibika mara mbili: mara ya kwanza kwenye karatasi ya zabuni, mara ya pili kwenye rafu. Tuliagiza kompositi. Zabuni ilisema "kompositi ya meno, pakiti", ikampa aliyetaja bei ya chini. Ilikuja kompositi kweli, bila gundi yake, ikiwa imebakiza miezi mitano kabla ya kuisha muda. Gundi ikatafutwa kwingine, ya kampuni nyingine. Pakiti zilitaka zihifadhiwe kwenye nyuzijoto zisizozidi 25, na stoo yetu ilikuwa na bati juu, dirisha linaloangalia magharibi na feni moja. Mwezi wa Februari hapa Tanga hata ukuta unatoa jasho. Chupa za gundi zilizofunguliwa zilikuwa zinarudishwa rafuni bila kukazwa kifuniko, na kimiminika kinachoibeba gundi ile huyeyukia hewani kama manukato. Hakuna aliyevunja sheria. Kila karatasi ilikuwa na saini. Wagonjwa walirudi na vijazio mkononi, vimefungwa kwenye kipande cha tishu, na maneno tuliyosikia kwenye kikao ni kwamba kompositi ya siku hizi haina ubora.

Neno "ubora" hapo ndipo linapotupoteza. Vifaa vya kuzibia meno vina viwango vya kimataifa: kompositi ina ISO 4049, saruji za meno zina ISO 9917, amalgamu ina ISO 24234. Kile cha kompositi kinataka kijazio cha sehemu ya kutafunia kihimili mkunjo wa megapaskali 80 kabla ya kuvunjika. Hiyo ni namba nzuri, na mnunuzi asikubali bidhaa isiyoifikia, wala isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Lakini soma masharti ya kipimo: vifaa hivyo huandaliwa kwenye maabara yenye nyuzijoto 23. Joto huharakisha kuganda kwa saruji zinazochanganywa kwa mkono, kwa hiyo dakika mbili alizoahidiwa daktari na karatasi ya maelekezo, kwenye chumba cha nyuzijoto 32 hazifiki mbili. Cheti hakikudanganya. Kilipima kitu, na sisi tulihitaji kujua kitu, mkono, joto na mate kwa pamoja.

Kuna mbadala mwingine ambao hauvai suti, na nashangaa unavyotajwa kwa sauti ndogo katika nchi hii. Ni saruji ya glasi-ayonoma. Iliundwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960: unga wa kioo unaokutana na asidi laini na kuganda. Inashikana na jino yenyewe bila gundi, inavumilia unyevu kidogo, haihitaji taa, na inaachia floraidi taratibu kwenye kuta za tundu. Mbinu inayoifaa zaidi, ya kuondoa uozo laini kwa vifaa vya mkono tu bila mashine kisha kuziba, ilizaliwa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wanafanya kazi ya jamii mahali ambapo mashine hazikufanya kazi. Wakaamua kuchokonoa uozo kwa mkono na kuziba kwa saruji ya aina iliyokuwepo wakati ule. Mbinu ikaenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe kwa glasi-ayonoma, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Mwaka 2021 shirika hilo hilo likaiingiza glasi-ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya shida zetu kimezunguka dunia, kimerudi na cheti, na bado kuna wanaokiita ziba ya muda.

Sababu ya dharau hiyo naijua, na inaeleweka vizuri zaidi Tanga kuliko kwingine. Huu ni mji wa saruji. Ukipita Pongwe unaona vumbi lake kwenye majani ya miembe. Fundi yeyote wa hapa anajua tofali halivunjiki kwa sababu mfuko ulikuwa mbovu. Linavunjika kwa sababu kibarua aliongeza maji ili zege lichanganyike bila kumtoa jasho. Glasi-ayonoma ina ugonjwa huo huo. Maelekezo yanasema kijiko kimoja cha unga, kilichosawazishwa, kwa tone moja la maji yake, chupa ikiwa imesimama wima ili tone liwe kamili. Nimemwona msaidizi akifanya: chupa imelala ubavu, tone limetoka na kiputo cha hewa, mchanganyiko ukawa mgumu, akaongeza tone la pili "ili kiteleze". Kwenye karatasi ulikuwa unang'aa kama maziwa mazito, unapendeza kuuangalia. Kilichoingia kwenye gego la mtoto kilikuwa na nguvu pungufu sana kuliko kilichoandikwa kwenye boksi. Na mtoto alipotoka tu, mama yake akamnunulia ubuyu langoni, kabla saruji haijamaliza saa yake ya kwanza.

Sitaki kuiuza glasi-ayonoma kwa maneno matamu. Kwenye tundu la upande mmoja wa gego inafanya kazi nzuri kwa miaka. Kwenye tundu kubwa lililokula pande mbili au tatu inavunjika mapema, na inalika kwa kutafuna kuliko amalgamu. Mtu mzima mwenye gego lililobaki kuta mbili anahitaji kompositi iliyowekwa vizuri au kofia ya jino, na akikosa pesa ya hivyo, tumwambie ukweli. Kwa meno ya utoto kuna kofia za chuma zilizotengenezwa tayari, na kuna dawa ya fedha na floraidi inayopakwa tu juu ya uozo ukasimama, ingawa inaliacha jino jeusi tii na wazazi wengine hawaitaki kwa sababu hiyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya matundu yanayoonekana mapema, yaani kabla jino halijaanza kumkosesha mtu usingizi, ni ya upande mmoja. Kwa hayo, jibu lipo, ni rahisi, na halina zebaki. Kinachokosekana ni msaidizi aliyefundishwa kutikisa unga, kusimamisha chupa na kukataa tone la pili. Au fedha ya kununua kapsuli zilizopimwa kiwandani, ambazo ni ghali zaidi kwa kipande lakini zinamwondolea kibarua uhuru wa kuongeza maji.

Haya yanatupeleka kwenye ununuzi, mahali ambapo uchaguzi halisi hufanyika na wagonjwa hawakaribishwi. Zabuni inayolinganisha bei ya pakiti na pakiti inalinganisha visivyolingana. Bei ya kompositi ni kompositi, gundi yake, asidi yake, taa, kipimo cha taa, jokofu dogo na dakika 40 za kiti kwa mgonjwa mmoja. Bei ya glasi-ayonoma ni unga, maji yake, mafuta ya kupaka juu, na mafunzo ya siku mbili. Kisha gawanya kila moja kwa miaka itakayokaa mdomoni hapa, si Lisbon. Na mwaka huo wa kukaa mdomoni hapa tunaujuaje? Kwa kitu kilichopo tayari juu ya kila meza ya kliniki: daftari. Tukiongeza safu mbili, ya aina ya kijazio na namba yake ya toleo, na aliyerudi na jino lile lile akaandikwa karibu na pale alipoandikwa mara ya kwanza, katika miaka miwili mkoa wetu utajua toleo gani linaanguka, kliniki gani inahitaji taa mpya, na mkono gani unahitaji kukumbushwa. Hakuna kiwango cha ISO kinachoweza kutuambia hayo.

Wakati ni mzuri kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatulazimisha kuandika ni huduma gani zinalipiwa. Bima inayolipa kwa kila tundu lililozibwa bila kuuliza limekaa muda gani itajikuta inalipia jino moja mara tatu, na kila mara tundu linakuwa kubwa kuliko la mwanzo, mpaka mara ya nne ni kung'oa. Bima inayolipa kung'oa haraka kuliko inavyolipa kuziba itapata inachokinunua. Nasikia wanaosema tuweke kompositi peke yake kwenye orodha ili tusionekane tunawapa maskini dawa duni. Nawaheshimu kwa nia, lakini duni ni ile inayoanguka. Mama lishe wa Ngamiani hajali kama gego lake la nyuma kabisa ni jeupe au la kijivu. Anajali kama ataweza kutafuna mhogo.

Limebaki jambo moja ambalo sijaona mtu akilizungumzia, na hapa mkoani lina uzito wake. Zamani, kabla ya kapsuli, zebaki ya meno ilikuja kwenye chupa. Msaidizi aliisaga na unga wa fedha kwenye kinu kidogo, akaikamua iliyozidi kwa kitambaa. Marekebisho ya 2022 yalitaka zebaki hiyo ya chupa isitumike tena, lakini chupa zilizokuwa kabatini hazikusoma marekebisho. Ujazo wa mililita 100 tu, sawa na kichupa cha dawa ya kikohozi, ni zaidi ya kilo moja na robo ya zebaki. Na huko Handeni na Kilindi wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu ambao zebaki kwao ni kitendea kazi cha kila siku, wenye pesa mkononi. Moja ya sababu za kuikataza ya chupa ilikuwa hiyo: duniani kote, zebaki iliyoandikwa ya meno imekuwa ikiishia kwenye karai la dhahabu. Kwa hiyo mpango wa kuachana na amalgamu usiosema chupa hizo zinakusanywa na nani, zinapelekwa wapi na kwa hati gani, utaitoa zebaki kwenye kliniki na kuipeleka mtoni.

Kwenye stoo niliyoitunza ilikuwepo moja. Ndogo, nzito kuliko unavyotarajia, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni na kuandikwa kwa kalamu ya wino iliyofifia. Niliikuta, nikaiacha ilipokuwa. Siku nilipokabidhi ofisi niliiandika kwenye orodha ya makabidhiano, mstari wa mwisho, bila kiasi kwa sababu hapakuwa na mizani ya kuipimia. Aliyenipokea alisaini mistari yote isipokuwa huo.